Nilivyoinyoosha sistimu ya stoo iliyogoma kwenye Chrome

Kuna bosi mmoja wa mahindi na alizeti hapa Kibaigwa, sistimu yake ya stoo ilikuwa inakubali Internet Explorer (IE) tu, ile brauza (programu ya kufungulia kurasa za mtandao) ya zamani ya Microsoft, ukiifungua kwenye Chrome maboksi yamepandana na batani ya kusevu ukibonyeza kimya. Waliomuuzia eti "tumieni ile ya zamani", ya zamani ipi wakati Microsoft walishaistaafisha Juni 2022!

Ili mizani isisimame nikawawashia kwanza Edge, brauza mpya ya Microsoft, kwenye ile hali yake ya kufungua kurasa kama IE, afu nikaingia kwenye kodi, yaani maandishi yanayounda sistimu. Aisee. Juu kabisa hakuna doctype, ule mstari unaoiambia brauza ifuate kanuni za kisasa, na ikikosekana brauza inaufanyia ukurasa mambo ya kizamani, IE inahesabu padding (nafasi ya ndani ya boksi) na bodaa (mstari wa kulizunguka) humohumo ndani ya upana, Chrome inaziongeza kwa nje, ndo maana maboksi yanapandana. Nikaweka <!DOCTYPE html> na box-sizing: border-box ili Chrome nayo izihesabu kwa ndani, pia px (pikseli) kwenye vipimo vilivyoandikwa namba tupu maana ukishaweka doctype vinapuuzwa.

Batani je? Walitumia attachEvent, amri ya kuiunganisha batani na kazi yake, kitu cha IE peke yake, nikaweka addEventListener, ile ya kiwango, ikaamka. Tegi (alama za kwenye kodi) zilizobaki bila kufungwa nilizikamata kwa validator, kikagua kodi cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, ni ya bure kabisa, sijui hao jamaa iliwashinda nini.

Sasa hivi dogo wa mizani anaingiza kilo kwa simu. Bosi nimemwambia mkataba ujao aandike HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) ya kiwango, ipite Chrome na Firefox ndo hela itoke.