Zizi la vinzi

Leo asubuhi, kabla ya kubandika chai, nimechungulia chupa ya tatu. Mabuu wamepanda ukutani mwa chupa, weupe, wembamba, wanatafuta pahala pakavu pa kujigeuza. Nimefurahi mpaka nimejionea haya.

Mama mkwe akanikuta hapo hapo. "Mwanangu, sie umri wetu wote twafukuza nzi, weye wawafuga?"

Mwenye kosa ni mjukuu wake. Wakati wa masika alirudi kutoka bonde la mpunga na viluwiluwi kwenye kopo la maziwa. Walipoota miguu na mikia ikayeyuka, tukabaki na vyura watano, kila mmoja hafikii ukucha wa kidole gumba. Vyura hawa hawamtaki nzi aliyekufa; kisichotikisika mbele ya macho yao si chakula. Na nzi wa jikoni hawaingii kinywani. Ndipo nikageukia vinzi wa ndizi.

Chupa ya kwanza iliota ukungu. Ya pili niliiweka karibu na jiko. Vinzi tele, buu hakuna hata mmoja. Kumbe joto likipita nyuzi 30 madume hukosa uzazi! Siku hizi chupa zakaa ukumbini kando ya mtungi wa maji. Ndani naponda ndizi kisukari iliyoiva ikawa nyeusi, natia siki kijiko kimoja kuzuia ukungu, juu nanyunyiza chembe za hamira, maana hiyo hamira ndiyo karamu yenyewe ya mabuu. Kisha karatasi iliyokunjwa ya kupandia, na kipande cha kanga kuukuu mdomoni. Siku kumi au kumi na mbili, vinzi wapya. Sisimizi nimewaweza kwa ule ule ujanja wa kabati la bibi: miguu ya meza ndani ya vikopo vya maji.

Kazi ni kulisha. Huko Ulaya wanauziana vinzi wasioruka. Wangu wana mbawa na wanazijua. Kwa hiyo chupa huingia friji dakika chache, vinzi wakilegea nawakung'utia kwenye kikombe chenye unga wa ganda la yai, nikatikisa, wakatoka weupe kama waliopakwa poda. Chokaa hiyo ni ya mifupa ya vyura. Jana umeme ulikatika tangu mchana, nikawamimina hivyo hivyo wakiwa macho. Nusu yao waliishia kwenye bakuli la mchuzi wa pweza. Mama mkwe hakusema kitu. Alifunika kawa tu.

Leo lakini amekuja mwenyewe kusimama nyuma yangu. Chura mdogo kuliko wote amenyata, kidole cha nyuma kinatetema, ulimi pwa! Kisha macho yakazama kichwani.

"Mbona afumba macho?"

"Hafumbi, mama. Macho yashuka ndani kusukuma tonge."

Akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akakaa.

"Hebu mpe mwengine."