Shaba Nyembamba Juu ya Resini: Kuijenga Datsun 240Z ya Safari

Mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally kwa Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Hilo ndilo gari ninalolijenga sasa kwa kipimo cha 1 kwa 43. Gari halisi lina urefu wa mita 4 na ushei, hivyo modeli yangu haifiki sentimita 10.

Bodi yake ni ya resini ya poliyurethani, yaani kimiminika kinachoganda na kuwa kigumu, iliyomiminwa katika kalibu ya mpira wa silikoni. Kalibu kama hiyo ni rahisi kutengeneza lakini huchakaa baada ya kutumika mara chache, na ndiyo maana karakana ndogo huweza kutoa gari la rali ambalo kiwanda kikubwa, chenye kalibu za chuma za gharama kubwa, hakingeona faida ya kulitengeneza. Kabla ya jambo lolote, bodi huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kuondoa mafuta ya kalibu, la sivyo rangi haitashika. Vitundu vya hewa huzibwa kwa puti, kisha msasa hutumika ukiwa umeloa maji, kwa sababu vumbi la resini ni baya kwa mapafu. Hata hivyo, barakoa mimi siivui.

Lakini kinachonivutia hasa ni kibati cha shaba kinachotoa vile vipande vyembamba vya gari. Hebu tufikirie pao la shoo, yaani wavu wa mbele ya gari, lenye unene wa milimita 6 kwenye gari halisi: likipunguzwa mara 43, linabaki na milimita 0.14 tu, wembamba ambao resini haiwezi kuumudu bila kuvunjika. Kwa hiyo mtengenezaji hupaka bati la shaba dawa inayogandishwa na mwanga, huweka juu yake filamu yenye mchoro, hulimulika kwa miale ya urujuanimno, kisha huiacha kemikali kama kloridi ya feri izile sehemu zisizokingwa. Waipa, mapao ya shoo na bawaba hubaki vikishikiliwa kwenye fremu kwa vishikizo vidogo.

Vishikizo hivyo hukatwa kwa kisu chenye ncha juu ya kigae kigumu, kwani juu ya kitu laini shaba hujipinda. Penye mfuo uliochongwa nusu ya unene, kipande hukunjwa mfuo ukiwa upande wa ndani. Kipande kinachopaswa kuviringwa hupashwa moto kwanza, kikaachwa kipoe, nacho huwa laini. Gundi ya modeli za plastiki haina kazi hapa, kwa kuwa haiyeyushi resini wala shaba. Mimi hutumia supaglu, na epoksi pale panapobeba uzito. Karibu na vioo siitumii supaglu kabisa, maana mvuke wake huacha ukungu mweupe.

Wapo wanaobandika shaba yote mapema ili waipulizie rangi pamoja na bodi. Sikubaliani nao, kwa sababu rangi nyekundu, praima na vanishi vikirundikana juu ya pao la milimita 0.14, ule wembamba tulioufuata kwenye shaba hupotea wote. Ninazipaka sehemu za shaba peke yake, tabaka moja jepesi juu ya praima ya metali, na waipa ninaziweka mwisho kabisa, stika zikiwa zimekauka na bodi haihitaji tena kushikwa.