Nairobi Tunajenga Bustani, Kuzitunza Ni Habari Nyingine

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limeziweka bustani za umma mikononi mwa serikali za kaunti, katika kifungu kimoja na kamari, leseni za pombe, majumba ya sinema na maktaba. Mpangilio huo unaeleza mengi kuhusu jinsi wanasiasa wetu wanavyoiona bustani: ni mahali pa burudani, jambo la kushughulikiwa baada ya mambo yote mazito kwisha. Jedwali hilohilo limezipa kaunti taa za barabarani na huduma za zimamoto, lakini polisi wamebaki chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mfanyakazi anayeshuka kutoka eneo la Community saa moja jioni kuelekea katikati ya jiji, akiambaa ukingo wa Uhuru Park, usalama wake umegawanywa baina ya serikali mbili. Taa ni ya kaunti, askari polisi ni wa serikali ya kitaifa, na kichaka kilichoota katikati yao hakina mwenyewe anayejulikana.

Nimekuwa nikizisoma bajeti za kaunti kwa muda sasa, na kila ninapozisoma naona jambo lilelile, kwamba bustani zetu haziharibiki kwa kukosa fedha za kuzijenga, bali kwa kukosa fedha za kuzitunza. Bajeti ya kaunti ina mafungu mawili makubwa, matumizi ya kawaida na maendeleo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo katika kipindi cha muda wa kati, na kanuni zilizotolewa mwaka 2015 ziliweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara na marupurupu. Nia ilikuwa njema kabisa, kwa sababu bila vizingiti hivyo kaunti zingeweza kula kila kitu kwa posho na safari. Hata hivyo, tazama jinsi mgawanyo huo unavyofanya kazi ndani ya bustani. Kusimamisha nguzo mpya ya taa ni maendeleo, ilhali kubadilisha balbu iliyoungua ni matumizi ya kawaida. Kujenga choo ni maendeleo, ilhali kumlipa anayekisafisha na kununua koki mpya ile ya zamani inapovuja ni matumizi ya kawaida. Mwakilishi wadi anaweza kusimama mbele ya nguzo mpya akapigwa picha na wapiga kura wake, lakini sijaona hata mmoja aliyealika watu waje kushuhudia balbu ikibadilishwa.

Fedha kutoka Hazina ya Taifa zinapochelewa, na huchelewa karibu kila mwaka, mishahara hulipwa kwanza. Kinachokatwa ni mafuta ya mashine za kukatia nyasi, nyaya, rangi, mabomba, na ujira wa vibarua. Nairobi, kwa mujibu wa ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ndiyo kaunti yenye malimbikizo makubwa zaidi ya madeni ambayo hayajalipwa. Fundi au mkandarasi anayeidai kaunti fedha za miaka iliyopita hawezi kulaumiwa akikataa kurudi kurekebisha taa kwa ahadi ya kulipwa baadaye.

Katika mtaa ninakoishi kuna uwanja mdogo wa watoto, na kwenye kona yake imesimama nguzo ya taa ambayo kwa mbali haina kasoro yoyote. Imenyooka, rangi yake ya fedha haijachujuka, na namba yake inasomeka vizuri. Ukiisogelea utaona kwamba kile kifuniko cha chuma kilicho karibu na ardhi, kinachoziba mahali pa kuunganishia nyaya, kimeng'olewa, na ndani yake zimebaki ncha mbili za waya zilizokatwa kwa koleo. Mtu fulani mwenye huruma amesindika kipande cha gunia ndani ya tundu hilo ili watoto wasitie mikono. Katika hesabu za kaunti, bila shaka, nguzo hiyo ni taa. Nilipokwenda kuuliza katika afisi inayohusika, niliambiwa kwa upole kwamba ukarabati haukupangiwa fedha mwaka huo, lakini wadi yetu imefikiriwa katika mradi wa nguzo mpya. Nilimshukuru afisa yule, kwa kuwa alikuwa ananieleza ukweli wa bajeti yake bila kuficha.

Wizi wa nyaya na vyuma unastahili kuzungumziwa kidogo, kwa sababu maafisa huutaja kila mara kana kwamba ni hali ya hewa isiyozuilika. Mwezi Januari mwaka 2022, baada ya umeme kukatika nchini kote na uharibifu wa miundombinu kulaumiwa, serikali ya kitaifa ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, kisha ikaruhusu tena miezi michache baadaye kwa masharti mapya ya leseni. Hatua hiyo ilionyesha kwamba soko la vyuma vya wizi linajulikana liliko na linaweza kubanwa serikali ikitaka. Lakini benchi la bustani au kifuniko cha nguzo ya taa si mnara wa umeme wa kitaifa, na hakuna waziri atakayeitisha kikao na wanahabari kwa ajili yake. Kinachokilinda kifuniko hicho ni mtu anayepita hapo kila siku kwa kazi maalumu, anayekijua, na anayetoa taarifa asubuhi kinapokosekana usiku. Mtu huyo zamani aliitwa mtunza bustani, naye alikuwa mwajiriwa wa kudumu. Siku hizi mara nyingi tunapata vijana wa mikataba mifupi, kama ilivyokuwa wakati wa mpango wa Kazi Mtaani mwaka 2020, wanaofanya kazi nzuri kwa majuma kadhaa na kuondoka pamoja na yote waliyojifunza kuhusu mahali hapo.

Kisha kuna bili ya umeme. Februari mwaka 2025 wakazi wa Nairobi walishuhudia kioja ambacho kingekuwa cha kuchekesha kama kisingetugharimu: kampuni ya umeme ya Kenya Power ilikata umeme wa afisi za kaunti kwa sababu ya malimbikizo ya bili, na malori ya kaunti yakamwaga taka mbele ya Stima Plaza, makao makuu ya kampuni hiyo, huku kaunti ikidai kwamba kampuni hiyo nayo haijalipia haki ya kupitisha nyaya na nguzo zake katika ardhi ya kaunti. Kila upande ulikuwa na hoja zake za kisheria, na sitaki kuwa hakimu hapa. Ninachosema ni kwamba taa ya barabarani ni mkataba wa kila mwezi, wala haimaliziki siku ya uzinduzi. Taa ndefu zilizosimamishwa katika mitaa ya mabanda, ambazo wakazi walizibatiza mulika mwizi, zilithaminiwa kwa sababu ziliwaka. Wafanyabiashara wadogo waliweza kuuza mboga na samaki hadi usiku, na watoto wakatumwa dukani bila wasiwasi mkubwa. Ikizimika, nguzo ya aina hiyo ni chuma kirefu tu.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kulalamikia mambo madogo katika jiji lenye matatizo ya maji, hospitali na mafuriko. Ningewaomba wakumbuke historia. Uhuru Park ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Miaka 20 baadaye, mwaka 1989, ulitangazwa mpango wa kujenga ndani yake jengo la ghorofa 60 la Kenya Times, shirika la magazeti lililofungamana na chama tawala cha KANU. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai aliupinga kwa barua na hata mahakamani, akadhihakiwa bungeni, na hatimaye mpango ukaachwa baada ya wafadhili wa kigeni kujiondoa. Bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906, nayo iliingia hatarini mwaka 1991 ulipoletwa mpango wa kuigeuza kuwa jengo la maduka na maegesho ya magari, na jamaa za Jeevanjee wakawa mstari wa mbele kuupinga. City Park kule Parklands ilimegwamegwa kwa miaka mingi kabla ya kutangazwa turathi ya kitaifa. Anayetaka ardhi ya umma hana haja ya kuja na tingatinga mara moja. Husubiri mahali pageuke kichaka, watu waanze kupaepuka, magazeti yaandike kuhusu wezi, kisha hutokea akiwa na mchoro wa jengo na kuuliza kwa sauti ya mtu mwenye busara: uwanja huu una kazi gani? Kwa hiyo fyekeo na balbu ni ulinzi wa hatimiliki pia. Na isisahaulike kwamba Katiba yenyewe iliyozikabidhi kaunti bustani ilizinduliwa ndani ya Uhuru Park, tarehe 27 Agosti 2010.

Mwaka 2020 gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alitia saini hati ya kuhamishia baadhi ya majukumu ya kaunti kwa serikali ya kitaifa, na taasisi ya kuyasimamia, Nairobi Metropolitan Services, ikaundwa chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Chini ya utaratibu huo bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi, iligeuzwa kutoka mahali palipoogopwa ikawa mahali ambapo familia hukaa Jumapili, na Uhuru Park ikafungwa kwa ukarabati mkubwa. Sikatai kwamba kazi ilionekana. Lakini huo ulikuwa utaratibu wa dharura, wenye fedha za dharura na nidhamu ya kijeshi, na ulikoma mwaka 2022. Zile njia za vigae, chemchemi na taa za kisasa zilirudi kwa serikali ya kaunti ambayo fungu lake la matunzo halikuwa limepanuka kulingana nazo. Chemchemi ya kisasa huhitaji pampu, fundi na vipuri, ilhali mti wa mugumo huhitaji kuachwa tu. Ningetamani wabunifu wa bustani zetu waulizwe ni nani atakayetunza wanachokibuni kabla ya michoro yao kuidhinishwa.

Mfano unaotajwa sana ni Msitu wa Karura, ambao hauko chini ya kaunti bali chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, ikishirikiana tangu mwaka 2009 na chama cha wakazi kiitwacho Friends of Karura Forest. Uzio wa umeme, walinzi wa doria na ada ya kuingia viliugeuza msitu ambao watu hawakuthubutu kuukanyaga kuwa mahali ambapo wanawake hukimbia peke yao alfajiri. Ada ilibaki kutunza msitu, na hapo ndipo penye siri ya mafanikio yale. Ndiyo maana mwaka 2025, Huduma ya Misitu ilipoagiza ada zote zilipwe kupitia eCitizen, jukwaa la serikali la malipo ya mtandaoni, chama kilikwenda mahakamani. Nauheshimu mfano huo, ila siutaki kwa bustani za katikati ya jiji. Jeevanjee ni ya wanaopumzika saa saba mchana bila shilingi ya chakula, ya wahubiri, na ya Bunge la Mwananchi, kundi la raia wa kawaida linalojadili siasa chini ya miti. Ukiweka lango na ada pale, utakuwa umepata usalama kwa kuwafukuza wenyewe.

Kuhusu usalama wenyewe, kaunti ikibanwa hupeleka askari wake, ambao watu bado huwaita kanjo. Wengi wetu tunajua wanachofanya huko: huwakimbiza wauza njugu na wapiga picha, yaani watu walewale ambao macho yao huifanya bustani kuwa salama. Mpiga picha aliyekaa mahali pamoja kwa miaka anamjua mwizi kwa sura. Ningependa fedha za magari ya kuwakamata zitumike kuwapa vibali vya bei nafuu. Upande wa polisi, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 iliweka chombo kinachofaa kabisa, yaani mamlaka ya polisi ya kaunti, ambayo gavana au mjumbe wa kamati kuu ya kaunti aliyeteuliwa naye huiongoza, wakuu wa polisi na wawakilishi wa wananchi wakiwa wajumbe. Hapo ndipo ratiba ya doria na ratiba ya taa zingeweza kuwekwa juu ya meza moja, lakini magavana hawajaonyesha haraka ya kukitumia, pengine kwa sababu kukitumia kungewaondolea kisingizio cha kusema polisi si wao.

Wasomaji wanaotaka kufanya jambo wazingatie kalenda. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili na kuidhinishwa kufikia mwisho wa Juni, na wengi wetu hujitokeza kwenye vikao vya umma wakati huo. Tunakuwa tumechelewa, maana vikomo vya kila idara huwekwa katika waraka wa mkakati wa fedha ambao huwasilishwa kufikia mwisho wa Februari. Maoni yangu yajayo nitayapeleka mapema, nayo yatakuwa na maombi mawili tu. La kwanza ni kwamba kila mradi wa bustani au taa uandikwe pamoja na gharama ya kuutunza kwa miaka mitano na idara itakayoilipa. La pili ni kwamba kila wadi, katika wadi zote 85, ibandike ukutani orodha ya nguzo zake za taa kwa namba, ikionyesha ipi inawaka, ipi imezimika, na imezimika tangu lini.