Kisima kikitoka kikavu

Nimemaliza mafunzo ya mtandaoni kuhusu uchumi wa kijani pamoja na washiriki wa nchi mbalimbali. Kilichoninasa si hotuba za wakubwa (zilikuwa ndefu, tuseme ukweli), bali kisa cha jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi linalotumika kuzalisha umeme.

Mwaka 1979 Iceland ilianza kufundisha wataalamu wa nchi zinazoendelea, chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa: kusoma miamba, kuchimba visima, kupima mvuke. Wakenya wengi wamepita huko. Kituo cha jotoardhi cha Olkaria, nchini Kenya, kikaanza kuzalisha umeme mwaka 1981, na leo jotoardhi ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote cha umeme wa Kenya. Kisha zamu ikageuka: KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha umeme, nayo imekwenda kuchimba visima Ethiopia na Djibouti.

Mshiriki mmoja akauliza, kwa nini nchi zisinunue tu mitambo? Mkufunzi akajibu kwamba mtambo hununuliwa, lakini kisima kikitoka kikavu, bila mvuke, anatafutwa mtu anayejua sababu. Nikajikuta nimefungua maikrofoni na kusema "naam!" kabla sijapewa nafasi.

Costa Rica tuliigusa pia. Tangu sheria ya misitu ya 1996, wenye ardhi wanaotunza msitu hulipwa, na sehemu kubwa ya fedha imetoka kwenye kodi ya mafuta. Wenzangu walitaka kuiga papo hapo. Mimi nasita kidogo. Palipo na msitu wa ukoo na hakuna hati, malipo hayo atapewa nani?