Turubai la Jirani

Mwezi wa Shaaban, Tandika yetu ya Dar es Salaam haina usiku. Mfungo ukikaribia, kila mwenye harusi, mwenye mwali wa kutoa ndani, mwenye ngoma aliyoiahidi tangu mwaka jana, hukimbilia kuimaliza kabla mwezi haujaandama, maana Ramadhani ikiingia ngoma zote zinafungwa. Jumamosi za mwezi huo ukitoka Devis Kona kuingia ndani, unakutana na turubai mtaa huu na turubai mtaa ule, na kila moja lina maspika yake.

Sina ugomvi na shughuli. Nyumba zetu zilijengwa na watu wenyewe bila ramani, zimebanana, hakuna kiwanja, na kukodi ukumbi ni gharama ambayo wengi hatuiwezi. Barabara ndiyo ukumbi wetu. Dada yangu aliolewa hapo hapo, chini ya turubai la kukodi, na mimi ndiye niliyezunguka na sinia la mandazi. Mtaani kwetu pia tumezoea kuvumiliana mambo madogo: anayechoma takataka wakati nguo za wenzake ziko kambani, anayeosha pikipiki na maji yote yakaelekea mlangoni kwa mtu, anayefungua redio kabla ya adhana ya alfajiri. Unakunja uso, unaanua nguo, maisha yanaendelea. Lakini usiku ule wa mwaka 2015 haukuwa wa kukunja uso.

Ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa, maji yaliingia hadi vyumbani mwa watu, na upande wa chini wa mtaa wetu, pale unapoishia kwenye mtaro, kidaraja cha mbao kilikuwa kimesombwa. Kwa hiyo njia ya chombo chochote chenye magurudumu ilibaki moja tu, ya juu, inayotokea barabara ya lami.

Jumamosi hiyo, baada ya swala ya alasiri, nilisikia nguzo zinagongwa. Nikatoka. Vijana walikuwa wanasimamisha turubai kuanzia ukuta wa nyumba ya jirani hadi ukuta wa nyumba inayotazamana nayo, hawakuacha hata pa kupitisha toroli. Muuza maji alifika na madumu yake, akatazama, akageuza. Hakuna aliyekuwa amepita kutuambia kwamba kesho kuna harusi na usiku huu kuna mkesha. Tulijua kwa nyundo.

Hilo la njia lilinikera, lakini nilirudi ndani. Kilichonitoa tena ni mafiga. Wapishi walikuwa wamepanga matofali chini ya dirisha la chumba cha mbele, chumba cha mama, na pembeni wakashusha kuni. Zilikuwa kuni za mwembe, mbichi bado, utomvu unatoka. Mama yangu ana pumu tangu sijazaliwa. Amefanya kazi ya cherehani maisha yake yote, na hata vumbi la kitambaa kipya lilikuwa linamsumbua, seuze moshi wa kuni mbichi.

Nilikwenda kwa mwenye shughuli. Alikuwa uani na wenzake, wanamenya vitunguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu, chukua kisu."

"Ahsante mama. Nimekuja kwa jambo moja. Mafiga yamewekwa dirishani kwa mama, na unajua mama ana kifua. Naomba wayasogeze, hata kule kwenye ukuta wa msikiti wa zamani hakuna mtu."

Akafuta machozi ya vitunguu kwa upande wa kanga. "Nitawaambia mwanangu. Kwanza ni usiku mmoja tu, kesho saa hizi hamtuoni."

Wale wanawake wengine hawakunyanyua vichwa. Nikamwambia na habari ya njia, kwamba angalau upande mmoja ubaki wazi. Akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Nani atakuja na gari mtaani kwetu usiku?"

Mafiga hayakusogezwa. Mpaka leo sijui kama aliwaambia wakapuuza au alisahau nilipogeuka tu. Nilipowaendea wapishi mwenyewe, mkubwa wao alinijibu kwamba pale ndipo palipo na taa, na nyama imeshapimwa, wakihama watachelewa.

Saa tatu usiku jenereta likawashwa. Maspika mawili yaliegemezwa kwenye ukuta wetu, na muziki wa mnanda ulipoanza, vikombe kabatini vikawa vinatembea. Watoto wa mpangaji wetu walianza kulia, mama yao akawahamishia uani. Kibali cha shughuli, kama kilikuwepo, kingewapa mwisho saa sita ya usiku, ndivyo ofisi ya serikali ya mtaa inavyoandika siku zote. Saa sita ilipita. Nilimpigia mjumbe wa nyumba kumi, ambaye kwetu watu humwendea kwanza hata kama kazi ile kisheria si yake tena. Simu iliita hadi ikakata. Nadhani naye alikuwa shughulini.

Kati ya saa saba na saa nane wapishi wakawasha moto.

Tulikuwa tumefunga dirisha na kuziba kwa mashuka. Moshi wa kuni hauhitaji dirisha. Nyumba zetu zina upenyo kati ya ukuta na bati, hewa inapita humo, na moshi nao ukapita humo humo. Nilipoingia chumbani, taa ilikuwa na utando. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Alikuwa na kidawa chake cha kuvuta, alikuwa ameshakivuta, akakivuta tena, akanitazama tu. Mtu mwenye pumu akibanwa sana hapigi kelele. Hana hewa ya kupigia.

Nilimpigia kijana wa bajaji anayelala na simu mkononi kwa ajili ya watu kama sisi. Akapokea. Nilikuwa nikisikia "haloo, haloo", na kila nikisema, muziki unameza. Nikakimbilia uani, nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikapiga tena huku nimeziba sikio jingine. Akasema anakuja, ila ataishia kwenye turubai.

Mdogo wangu akachukua kiti cha plastiki, tukamkalisha mama, mpangaji wetu akashika upande mmoja na yeye upande wa pili, mimi nikaenda mbele kufungua njia. Tukatoka mlangoni, tukaingia kwenye harusi ya watu.

Sehemu hii nimeieleza mara chache, hata nyumbani hatuizungumzi sana. Turubai lote lilikuwa limejaa watu wanacheza. Walipoona bibi amebebwa juu ya kiti, amejifunika kanga, anapitishwa katikati yao, walidhani ni mzee wa shughuli anaingizwa. Vigelegele vikapigwa. Emsii akashika kipaza sauti, akasema, "Bibi huyo kaja! Mpisheni bibi acheze!" Mwanamke mmoja akamtupia mama noti ya shilingi elfu moja mapajani. Mimi nilikuwa napiga kelele kwamba anaumwa, kwamba watupishe, na midomo yangu ilikuwa inatikisika bila sauti kufika kwa mtu yeyote. Waliokuwa mbele walinyoosha mikono wanichezeshe na mimi.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja miongoni mwa wale waliokuwa kifua wazi, wale ambao wazee wa mtaa wakiwaona husema wahuni wa vigodoro, hizi ngoma za mkesha za mitaani. Alikuwa karibu na kiti, akamwona mama usoni. Hakuuliza kitu. Alirukia kwa DJ, akachomoa waya. Kisha akageuka, akawasukuma wenzake kwa mabega, akaja kushika mguu wa kiti, na wengine wawili wakamfuata. Walimbeba mama hadi barabara ya lami mbio, mmoja wao amepoteza kandambili njiani na hakurudi kuitafuta. Sikuwahi kujua jina lake, na kwa vile alikuja na mkesha, huenda si wa mtaani kwetu. Nimemwombea dua nyingi.

Kutoka kwetu hadi Hospitali ya Temeke kwa bajaji usiku si mbali. Walimpokea haraka, wakamvalisha barakoa inayotoa mvuke wa dawa, mwingine akamchoma sindano. Muuguzi alinusa kanga ya mama, akaniuliza, "Mlikuwa jikoni?" Daktari alinieleza asubuhi, kwa upole, kwamba moshi ukiingia kwenye kifua cha namna ile misuli ya njia za hewa inajikaza, kuta zinavimba, makohozi yanajaa, na nafasi inayobaki ni ndogo sana. Akasema tungechelewa zaidi hali ingekuwa nyingine. Yale maneno nayasikia kila nikinusa kuni za mwembe.

Mama alirudi nyumbani Jumatatu. Jioni yake mwenye shughuli alikuja na hotipoti ya pilau na soda, akakaa mkekani, akampa mama pole ya kweli, machozi yakamtoka. Mama akamsamehe pale pale, na pilau tukala, kwa kuwa mama hakutaka neno. Lakini alipokuwa anaaga, mgeni wetu aliniambia mlangoni, "Na nyinyi mwanangu mngefunga dirisha mapema."

Nilimjibu kwa heshima, lakini nilimjibu. Nilimwambia: mama, nilikuja kwako mchana. Niliyekuja ni mimi, na ilipasa uje wewe. Shughuli ni yako, furaha ni yako, basi na hodi ilikuwa yako. Ungepita nyumba kwa nyumba, hata kumtuma mtoto, ungejua nani mgonjwa, nani ana kichanga, nani anaamkia zamu. Hakuna ambaye angekukatalia harusi. Mama yangu angekushonea na sare.

Hakunijibu. Alijitanda kanga, akaondoka. Tuliamkiana baadaye, tunaamkiana hadi leo.

Nililipeleka suala hilo kwenye mkutano wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa mgeni ofisini, amechaguliwa Desemba ya mwaka uliopita, na alikuwa anasikiliza. Wapo walioniunga mkono: mama mmoja aliyewahi kujifungulia chumbani kwa sababu njia ilikuwa imefungwa kwa msiba, na fundi wa zamu ambaye nusura aungue kazini kwa usingizi. Wapo walionizomea. Mzee mmoja, ambaye namheshimu kwa mengine, alisema kama sitaki kelele nikajenge Masaki, kwa matajiri. Nilimwuliza huko Masaki nitampeleka mama kwa fedha gani, na kama maskini hana haki ya kupumua nyumbani kwake. Makofi yalipigwa, ila sikuyafurahia, maana niliona wazi kwamba wengi walikuwa wanasubiri shughuli zao wenyewe zifike zamu, na hawakutaka kanuni itakayowabana.

Kilichopitishwa ni kidogo: anayeomba kibali aambiwe aache upande mmoja upana wa bajaji, na mafiga yasiwekwe dirishani kwa mtu asiyeridhia. Karatasi ilibandikwa ukutani ofisini, mvua za vuli zikaibandua.

Sasa kila Shaaban nikiona vijana wamebeba nguzo, natoka nje kabla hawajachimba. Nauliza shughuli ni ya nani, moto utakaa wapi, na bajaji itapita upande gani. Wengine hunijibu vizuri na kunionyesha. Wengine husema nina gubu, nimezeeka kabla ya umri. Nabaki nimesimama pale pale, katikati ya barabara, mpaka waniambie ni upande gani.