Sanduku la kufuli tatu

Mvua ilikuwa inanyesha Mbeya tangu alfajiri, Januari 2018, na sisi wanne tulikuwa tumejibanza kwenye kibanda cha mama pale Mwanjelwa, katikati ya magunia ya viazi, tukibishana kwa sauti ya chini kama watu walioiba.

Hatukuwa tumeiba. Tulikuwa tunaandika Steemit, mtandao ambao kura za wasomaji zinageuka sarafu. Unaweka makala, unasubiri siku 7, kisha nusu ya malipo unaweza kuiuza siku hiyohiyo na nusu inaingia kwenye Steem Power, yaani inafungiwa. Ukifungia nyingi, kura yako nayo inakuwa nzito. Wenye nyingi waliitwa nyangumi. Sisi tulikuwa dagaa. Niliwahi kuweka picha ya Daraja la Mungu kule Kiwira, nyangumi mmoja akapita, akapiga kura, malipo yakazidi mauzo ya mama ya wiki nzima. Tangu siku hiyo nililala na simu mkononi.

Sasa STEEM moja, sarafu yenyewe ya mtandao huo, ilikuwa imepita dola 7. Mwenzetu wa Iwambi alitaka tufungulie zote. Kufungulia nako kulikuwa na foleni yake: ulilipwa fungu moja kila wiki, kwa wiki 13. "Tukichelewa bei itakufa," alisema. "Tuanze leo." Binti wa Tukuyu alikuwa upande wake. Mimi nilishaingiza nywila.

Mama alikuwa anajaza viazi kwenye sado. Akauliza bila kugeuka, "Kwa hiyo mnavunja kikoba?"

Tulicheka, ila nikaona nimweleze, maana kwa vikoba yeye ni profesa. Sanduku lao pale sokoni lina kufuli 3, funguo wanashika watu 3, na mama anayelitunza hana hata mmoja. Hisa ni kila Jumatano, mgao ni mwisho wa mwaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: hizo kura mnampigia nani?

Tulikuwa tunapigiana wenyewe. Kila asubuhi, wanne, kwa zamu, na chini yake "kazi nzuri mkuu" kwa makala ambayo hakuna aliyeisoma. Nikamwambia ukweli.

Akaweka sado chini. "Hicho si kikoba, mwanangu. Ni watu wanne mnakopeshana noti moja."

Mwenzetu wa Iwambi alianza kufungulia jioni ileile, na simlaumu. Mafungu yake ya kwanza yalikuta bei nzuri, akaongezea fedha ya mjomba wake, akanunua bodaboda. Mimi niliacha. Wala haikuwa busara, niliona tu aibu kubonyeza mbele ya mama.

Nikaanza kusoma watu. Mkulima wa parachichi wa Rungwe. Mwalimu wa Njombe aliyeandika jinsi wanafunzi wake wanavyoshindwa kushika kalamu asubuhi za Julai. Niliwapigia kura za dagaa, za senti 2 au 3, lakini nilisoma hadi mstari wa mwisho na kuuliza maswali. Wakaja kwangu, wakaleta wenzao. Katikati ya mwaka tulikuwa 11, tukisahihishana Kiswahili na kugombana hadharani kuhusu madalali wa parachichi.

Bei nayo ilikwenda ilikokwenda. Desemba STEEM ilikuwa chini ya senti 50 za dola. Kwa hesabu ya shilingi nilipigwa, na yule wa Iwambi hunikumbusha kila tukikutana. Jamii ile ilipogawanyika Machi 2020 na mtandao mpya, Hive, kuzaliwa, tulikuwa tumebaki 7. Tulihama pamoja, salio zetu zikanakiliwa upande wa pili.

Viazi vya mama siku hizi vinafika sokoni kwa bodaboda ileile. Analipa nauli kamili. Mara mojamoja huniuliza sanduku letu limefikia ngapi, nami humjibu: watu 7.

"Sijauliza watu," husema.