Minazi ya Kitunda

Karatasi yenyewe ni moja tu, imekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo imeshatoboka. Ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda cha marehemu shangazi, pamoja na risiti za kodi ya kichwa na picha mbili za pasipoti za mtu ambaye hakuna aliyemtambua. Sote pale nyumbani tulikua tukisikia kwamba baba wa babu aliacha wasia. Kuusoma, hakuna aliyewahi. Umeandikwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, na kizazi chetu madrasa tuliishia kwenye juzuu Amma.

Binamu yangu aliona tarakimu za mwaka, akazitafuta kwenye simu moja moja, akapata 1319. Kufikia jioni kundi la familia lilikuwa limeshawaka: tuna hati ya mwaka 1319, kabla hata yule msafiri Ibn Battuta hajatia mguu Kilwa mwaka 1331! Nikamwacha afurahi kidogo. Ni mwaka wa Hijria, na mwezi uliotajwa ni Mfungo Sita, kwa hiyo tunazungumzia Juni au Julai 1901. Wajerumani wako boma, na Majimaji bado miaka minne. Kesho yake nikamkuta mlangoni anataka kuipeleka karatasi stationery ikapigwe leminesheni. Nilimnyang'anya. Karatasi ya namna ile ukishaibandika plastiki kwa moto, hutaibandua tena, na kila ukiipiga picha unapata mng'ao wa taa badala ya wino. Niliipiga picha asubuhi kwenye baraza, jua likiwa chini, likiingia kwa ubavu. Hapo hata maneno yaliyofifia yalijitokeza.

Majina ndiyo niliyokuwa nayataka. Nilidhani wasia utanipangia watoto wote mstari mmoja, mkubwa hadi mdogo, na wake zake, nami nichore mti wa ukoo nimalize. Nikaenda kwa maalim mmoja mzee hapa mjini, nikaamkia, nikakaa mkekani. Akasafisha miwani kwa kanzu, akasoma kimya mpaka mwisho, akasema:

"Watoto huwaoni humu, mwanangu, na wala hukutakiwa kuwaona. Mrithi hausiwi. Fungu lake limeshagawiwa na Mwenyezi Mungu. Wasia ni wa yule asiyerithi, na hauvuki thuluthi ya mali."

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Maana yake karatasi hizi za pwani wenzangu wengi tunazisoma kichwa chini. Tunamtafuta ndani yake mtoto wa halali na mke wa ndoa, kumbe walioandikwa ni wale ambao bila kuandikwa wangetoka mikono mitupu: mtumwa aliyeachwa huru, yatima aliyelelewa, mke aliyekwisha talikiwa, msikiti. Jina likitajwa kwenye wasia, swali la kwanza ni kwa nini mtu huyu hakuwa mrithi.

Wa kwetu ni mfupi. Unaanza na deni, kama inavyopaswa, kwa sababu deni hulipwa kabla ya wasia wowote: rupia 7 na pesa 32 za nguo, kwa Mhindi mwenye duka. Zama zile pesa 64 ndizo rupia moja, kwa hiyo ni rupia saba na nusu. (Nimependa ile nusu. Mtu anaaga dunia na nusu rupia anaikumbuka.) Halafu kuna fedha ya hitima, kisomo cha kumwombea marehemu. Halafu minazi yake ya Kitunda, ng'ambo ya maji ukitoka Lindi mjini, na hapo ndipo maalim alipopunguza mwendo, maana mwandishi hakuandika ile "n" ya Kitunda na mahali pa "p" ya wapwa aliweka "b", kama walivyoandika wengi wa zamani. Wanaopewa ni "wapwa zangu, watoto wa dada yangu wa tumbo moja."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa bara huenda lisimwingie haraka. Sisi kwa asili ni Wamwera, na kwa Wamwera, kama kwa jirani zetu Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwanamume akifa, mila ilimtazama mpwa wake, siyo mwanawe. Mzee wetu alikuwa Mwislamu wa pwani, na kwa sheria ya dini mtoto wa dada harithi kitu ikiwa wana wapo. Mila inamvuta huku, dini inamvuta kule. Akaitumia thuluthi. Wana wakachukua mafungu yao ya dini, na wapwa wakapata chao bila hukumu kuvunjwa.

Mimi nilikuwa nimeshasoma idadi ya minazi mwenyewe kabla ya kwenda: 10. Kipo kijiti, kinafuata kiduara. Maalim akacheka. "Hiyo siyo sifuri. Sifuri yetu ni nukta tu. Kiduara ni tano." Akaweka kucha chini ya ١٥. Kumi na tano. Akapanda mstari mmoja juu, penye jumla ya minazi yote: ٤٥. Arobaini na tano. Thuluthi kamili, hata kuti halikuzidi.

Sasa, katika nyumba yetu wapo watu wanaoitwa "wale wa Kitunda". Nimekua nikisikia kwamba walitunyang'anya minazi. Msiba ukitokea wanakuja, wanakaa upande wao, wanaondoka mapema. Baba hakuwahi kula kwao. Nami nilipokuwa mdogo niliwahi kumtupia jiwe mtoto wao mmoja, bila kujua hata kosa lake.

Jana nilipanda boti nikavuka. Bibi yao, ambaye ndiye mkubwa wao aliyebaki, alikuwa anakuna nazi kwenye mbuzi, hakuinuka. Nikampa shikamoo, nikajitaja mtoto wa nani, akasema marahaba na kuendelea kukuna. Nikamsomea kutoka kwenye simu, polepole, deni, hitima, mpaka kwa wapwa. Mkono ukasimama.

"Rudia hapo penye hesabu."

"Minazi kumi na tano, bibi."

Akatazama shambani. Minazi ya 1901 haipo tena, iliyopo imepandwa mahali pa ile iliyokufa, lakini watu wa kule wanahesabu mahali.

"Kumi na tano," akasema. "Sisi babu yenu alitukatia kumi."

Akanipa dafu. Nimerudi na boti ya mwisho na bado sijaandika neno kwenye kundi la familia. Binamu ameshauliza mara tatu nimepata nini.